Mtu wa mwisho barafuni: kisa cha Amundsen na Johansen, Septemba 1911

Saa 6 na nusu usiku, kuamkia tarehe 17 Septemba 1911, watu wawili waliingia ndani ya kibanda cha Framheim, kando ya Ghuba ya Nyangumi, Antaktika. Mmoja alikuwa Hjalmar Johansen, mtu wa miaka 44. Mwenzake, Luteni Kristian Prestrud wa jeshi la wanamaji la Norwei, alifika akijikokota, visigino vyake vimegandishwa na baridi. Walikuwa njiani kwa zaidi ya saa 17, bila chakula na bila mafuta ya kuwashia jiko. Ndani ya kibanda walimkuta kiongozi wao, Roald Amundsen. Yeye alikuwa amefika tangu saa 10 jioni.

Kutoka saa 10 jioni hadi saa 6 na nusu usiku ni saa nane na nusu, na katika baridi iliyoshuka chini ya nyuzi 40 chini ya sifuri, saa nane na nusu zinatosha kuua. Amundsen anajulikana duniani kote kama mtu wa kwanza kufika Ncha ya Kusini, na sifa hiyo ni yake kwa haki. Wasiojulikana sana ni hawa wawili waliobaki nyuma. Nimekisoma kisa chao mara nyingi, na kila mara najiuliza swali lile lile: yule kiongozi aliyekuwa makini kuliko wote wa zama zake aliwezaje kuwasahau watu wawili barafuni?

Tuanzie kwenye deni, kwa sababu haraka yote ilitoka huko. Amundsen alikuwa amechangisha fedha na kuazima meli ya Fram kwa ahadi kwamba anakwenda kaskazini. Mwaka 1909 Wamarekani wawili, Frederick Cook na Robert Peary, kila mmoja alitangaza kwamba ameshafika Ncha ya Kaskazini. Kwa mtu aliyekuwa na madeni na aliyetaka kuwa wa kwanza, kaskazini pakawa hapana maana tena. Akageuza nia kimyakimya, aelekee Ncha ya Kusini. Wafadhili hawakuambiwa. Fridtjof Nansen, msafiri mashuhuri wa Norwei ambaye meli ile alijengewa yeye, hakuambiwa. Hata mabaharia wengi walisikia habari hiyo tarehe 9 Septemba 1910, meli ikiwa imetia nanga Madeira, ndipo kila mmoja akaulizwa kama yuko tayari kuendelea. Wote wakakubali. Robert Falcon Scott wa Uingereza, ambaye tayari alikuwa safarini kuelekea huko huko, alipata simu ya maandishi alipofika Melbourne: Fram inakwenda Antaktika.

Mtu aliyefanya hivyo hakuwa na njia ya kurudi nyumbani akiwa wa pili. Angesamehewa kudanganya endapo tu angeshinda. Uzito huo ulikuwa juu ya mabega yake majira yote ya baridi ya mwaka 1911, watu tisa wakiishi ndani ya kibanda kimoja kilichofukiwa na theluji, wakirekebisha sleji, yaani magari yasiyo na magurudumu yanayoburuzwa na mbwa juu ya theluji, wakipunguza uzito wa masanduku, wakishona buti na kuzishonoa. Kazi yao ilikuwa safi. Kabla giza halijaingia walikuwa wameshapeleka takriban tani tatu za akiba kwenye maghala matatu, katika latitudo za nyuzi 80, 81 na 82 kusini. Lakini kilomita mia kadhaa kutoka hapo, upande wa pili wa tambarare kubwa ya barafu ya Ross, Scott alikuwa na sleji za injini, na Amundsen hakuacha kuziwaza. Je, kama zinafanya kazi? Je, kama Mwingereza ameshaondoka?

Jua lilirudi tarehe 24 Agosti. Tarehe 8 Septemba watu wanane wakaondoka na mbwa 86, wakamwacha mpishi Adolf Lindstrøm peke yake. Huko kusini Septemba ni mwanzo tu wa majira ya kuchipua, na baridi ya majira yaliyotangulia bado haijaondoka. Siku za kwanza zilikwenda vizuri, kilomita 28 hivi kwa siku, na mbwa walikuwa na nguvu kiasi kwamba baadhi yao ilibidi wafunguliwe na kupandishwa juu ya sleji ili wengine wasikimbie mno. Halafu baridi ikashuka. Tarehe 12 ilifika nyuzi 56 chini ya sifuri.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukanyaga theluji, friza ya nyumbani huwekwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Zebaki huganda ikifika nyuzi 39 chini ya sifuri. Katika baridi ile kimiminika ndani ya dira kiliganda, maana yake chombo cha kuwaonyesha njia kilikuwa hakifai tena. Watu walivaa ngozi za mbwa mwitu na za kulungu wa kaskazini, na walipokuwa wakitembea waliweza kustahimili. Wakisimama, taabu inaanza. Usiku hawakulala. Mbwa walianza kuumia nyayo. Siku ile walikwenda kilomita saba tu, wakasimama, wakajenga vibanda vya theluji.

Hapo Amundsen aliamua vizuri. Aliandika katika shajara yake kwamba hatawahatarisha watu na wanyama kwa ukaidi, kuendelea mbele ati kwa sababu tu safari imeshaanza. Waende hadi ghala la nyuzi 80, washushe mizigo, warudi nyumbani. Naupenda uamuzi huo, na naamini ni viongozi wachache waliokuwa na ari kama yake ambao wangeweza kuutoa. Johansen hakupingana nao. Alichokiandika yeye katika shajara yake ni kwamba ulikuwa upumbavu kuondoka mapema hivyo, na kwamba tamaa ya kuwatangulia Waingereza ilikuwa imewapofusha macho.

Tarehe 14 walifika kwenye ghala, wakaacha karibu kila kitu ili sleji ziwe nyepesi. Kumbuka hilo. Siku iliyofuata upepo mkali uliwapiga usoni, mbwa kadhaa wakaganda wakafa, wengine wakabebwa kwa kuishiwa nguvu.

Asubuhi ya tarehe 16 walikuwa umbali wa kilomita 74 kutoka Framheim, na Amundsen akatoa amri kwamba kila mtu akimbilie nyumbani kadiri awezavyo. Yeye mwenyewe hakuwa na sleji. Akapanda kwenye ya Oscar Wisting, na Helmer Hanssen, ambaye mbwa wake walikuwa wazuri, akaenda nao sambamba. Watatu hao wakatoweka mbele. Olav Bjaaland na Jørgen Stubberud wakafika saa mbili baada yao. Sverre Hassel akaingia muda mfupi baadaye. Huko nyuma mbwa wa Prestrud walikuwa wamekwisha kabisa, na visigino vyake havikubali tena kukanyaga.

Johansen angeweza kuendelea. Alikuwa mtelezaji hodari wa skii, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, na safari hizi alizijua kuliko mtu yeyote aliyekuwa Framheim, pengine hata kuliko Amundsen mwenyewe. Alisimama barafuni akamngoja Prestrud. Kuanzia hapo walikwenda wawili, mwendo wa yule mwenye miguu mibovu, jua likishuka, bila jiko la kuyeyushia theluji wapate walau maji ya kunywa. Kila kitu kizito kilikuwa kimebaki ghalani, na kilichosalia kiligawanyika pamoja na msafara wenyewe. Watu wawili katika hali hiyo wakisimama kupumzika wanalala, na wakilala hawaamki.

Hapa lazima nimzungumzie Johansen, maana vitabu vingi vya shule humtaja kwa mstari mmoja au havimtaji kabisa. Mwaka 1893 alitaka sana kusafiri na Nansen katika Fram kiasi kwamba, nafasi zote zilipojaa, alikubali kuchukuliwa kama mchochea moto wa injini. Miaka miwili baadaye Nansen alimchagua yeye, kati ya wote melini, waondoke wawili kwa skii na mbwa kuelekea Ncha ya Kaskazini. Tarehe 8 Aprili 1895 walifika latitudo ya nyuzi 86 na dakika 14 kaskazini, mahali ambapo hakuna binadamu aliyewahi kurekodiwa kufika. Wakati wa kurudi dubu mweupe alimwangusha Johansen chini kwenye ukingo wa maji. Johansen, amemkaba yule mnyama kooni, alimwambia Nansen kwa utulivu kwamba afanye haraka kidogo, la sivyo atachelewa. Nansen akapata bunduki yake na kumuua dubu.

Baada ya hapo waliishi majira mazima ya baridi huko Franz Josef Land, visiwa vya kaskazini kabisa, ndani ya shimo la mawe lililoezekwa kwa ngozi za walrasi, wanyama wakubwa wa baharini wenye pembe, wakila nyama ya dubu, wakilala pamoja ndani ya mfuko mmoja ili wapate joto. Na katika miezi yote hiyo waliendelea kuitana kwa heshima rasmi ya Kinorwei, kama mkubwa na mdogo wa ofisini. Ni usiku wa kuamkia mwaka 1896 ndipo Nansen alipopendekeza waitane kama marafiki. Kwangu mimi jambo hilo linamweleza Johansen kuliko medali zake zote. Hakuwa mtu wa kumkosea adabu mkubwa wake. Alijua kungoja, alijua kunyamaza.

Aliporudi nyumbani maisha yalimshinda. Pombe ikamtawala, kazi ikapotea, ndoa ikavunjika. Nansen ndiye aliyemwomba Amundsen amchukue, na Amundsen hakuwa na uwezo wa kumkatalia mtu aliyemwachia Fram. Kwa hiyo tangu mwanzo Johansen alikuwa ndani ya msafara kama mgeni aliyeletwa na mtu mwingine, huku akiwa na uzoefu unaomfanya kiongozi ajilinganishe naye bila kutaka.

Asubuhi ya tarehe 17, mbele ya watu wote, Amundsen alimuuliza Johansen kwa nini wamechelewa hivyo. Swali lenyewe linaniuma hata leo. Johansen, yule yule aliyemwambia Nansen kwa upole afanye haraka wakati dubu yuko juu yake, safari hii hakunyamaza. Alisema waliachwa. Alisema kiongozi haachi watu wake njiani. Aliyasema kwa hasira, na kila mtu akasikia.

Amundsen aliandika kwamba kisichosameheka ni kwamba maneno yale yalisemwa hadharani. Siku hiyo hiyo Johansen aliondolewa kwenye kundi la Ncha. Akawekwa chini ya Prestrud, luteni ambaye hakuwa amewahi kufanya safari ya namna hiyo kabla ya hapo, yule yule ambaye Johansen alikuwa amemwokoa usiku uliopita. Stubberud akashawishiwa kujiunga nao, na watatu hao wakapewa kazi ya kwenda kuchunguza King Edward VII Land, mashariki. Baadaye Amundsen alimwarifu Nansen kwamba Johansen alikuwa ameasi vibaya.

Sasa, kosa lilikuwa wapi hasa? Wengi wanaoandika kuhusu kisa hiki husema kosa ni kuondoka mapema. Sikubaliani. Kuondoka mapema kulikuwa kubahatisha, na kulirekebishwa ndani ya siku nne kwa uamuzi wa busara. Hakuna aliyekufa kwa sababu ya tarehe 8 Septemba. Kosa lililokaribia kuua ni la asubuhi ya tarehe 16, nalo lina sehemu mbili zilizokutana. Ya kwanza, hema, jiko, mafuta na chakula vilikuwa vimepangwa kwa ajili ya msafara unaosafiri pamoja, kisha msafara ukavunjwa bila vitu hivyo kugawanywa upya, kwa hiyo yeyote atakayebaki nyuma atabaki mikono mitupu. Ya pili, hakuna aliyepewa kazi ya kuwa wa mwisho. Katika safari yoyote, mwenye nguvu huenda mbele bila kuambiwa. Nyuma lazima apangwe mtu, na ajue kwamba haruhusiwi kumpita mwenye kuchechemea. Johansen alijipanga mwenyewe. Asingefanya hivyo, hakuna amri yoyote iliyotolewa siku ile ambayo ingemrudisha Prestrud akiwa hai.

Na hapo ndipo ninapomwona Amundsen akiwa binadamu. Mtu aliyeandika tarehe 12 kwamba hatahatarisha watu kwa ukaidi ndiye aliyepanda sleji ya mwenzake tarehe 16 na kutotazama nyuma. Sidhani alikuwa mkatili. Nadhani safari ilipokwisha kushindwa, akili yake iliihesabu kuwa imekwisha, ilhali kilomita 74 bado zilikuwepo. Umakini wake wote ulikuwa wa kwenda mbele. Kurudi kwa kushindwa hakukuwa na mpango.

Kuhusu adhabu aliyompa Johansen, nakiri kwamba kuna hoja upande wa Amundsen. Watu tisa walikuwa wamefungiwa ndani ya kibanda, maelfu ya kilomita kutoka kwa sheria yoyote, na safari ya miezi mitatu ilikuwa mbele yao. Kiongozi ambaye neno lake limevunjwa mezani asubuhi, anaweza kukuta limevunjwa tena katikati ya nyufa za barafu. Wapo wanaosema hakuwa na njia nyingine. Mimi naona alikuwa nayo: angekiri. Neno moja la kukiri mbele ya wale wale waliosikia lawama lingemrudishia heshima yote, kwa kuwa wote walikuwepo na wote walijua nani alifika saa 10 na nani alifika usiku wa manane. Alichagua kumwadhibu aliyesema, na aliyesema alikuwa amesema kweli.

Lakini ugumu wa kisa hiki ni kwamba uonevu ule ulizaa matunda. Akiba iliyowekwa maghalani kwa ajili ya watu wanane sasa ilikuwa ya watu watano. Buti zilizowabana miguu zilifumuliwa na kupanuliwa tena. Tarehe 19 Oktoba Amundsen, Bjaaland, Hanssen, Hassel na Wisting waliondoka na sleji nne na mbwa 52, wakiwa na chakula cha kutosha na ziada. Tarehe 14 Desemba walisimama kwenye Ncha. Tarehe 25 Januari 1912 walirudi Framheim wote watano, na mbwa 11, baada ya siku 99. Katika simulizi yake Amundsen mwenyewe alieleza kwamba kupunguza kundi kulikuwa na faida: watu wachache huenda upesi, na chakula huwafikisha mbali.

Mpime na Scott, aliyeondoka kambini kwake tarehe 1 Novemba. Sleji zake za injini, zile zilizomnyima Amundsen usingizi, ziliharibika mapema kabisa. Tarehe 3 Januari 1912, akiwa karibu na Ncha, aliongeza mtu wa tano kwenye kundi ambalo chakula chake kilifungwa kwa ajili ya wanne. Huyo wa tano, Henry Bowers, alikuwa ameshaacha skii zake njiani. Walifika tarehe 17 Januari, wakaikuta hema ya Wanorwei, na katika kurudi wote watano wakafa. Mmoja alipunguza watu akawa na ziada. Mwenzake aliongeza watu, ziada ikatoweka. Amundsen hakupunguza kwa hesabu, alipunguza kwa hasira, na hilo ndilo linalonifanya nisite kila ninaposikia ushindi wake ukielezwa kama kazi ya mipango mitupu.

Watatu waliotumwa mashariki nao walifanya kazi yao. Prestrud, Johansen na Stubberud walikuwa watu wa kwanza kukanyaga King Edward VII Land, nchi ambayo hadi hapo ilikuwa imeonekana tu kutoka baharini. Prestrud aliiongoza safari hiyo kwa miguu ile ile iliyokuwa imeganda Septemba.

Fram ilifika Hobart mwezi Machi 1912 na habari zikaenea duniani. Johansen hakurudi na wenzake. Alisafirishwa nyumbani peke yake, na sherehe za mapokezi zilimpita. Maelezo ya Amundsen yalipochapishwa mwaka huo huo, ugomvi wa Framheim haukuwemo. Saa za kuwasili za usiku ule zilitajwa, moja baada ya nyingine, hadi ile ya saa 6 na nusu, bila neno lolote kuhusu sababu ya wawili wa mwisho kuwa wa mwisho.

Januari 1913 Johansen alijiua kwa risasi mjini Kristiania, jiji ambalo leo linaitwa Oslo. Alikuwa na miaka 45. Shajara yake ilibaki, na mambo ya tarehe 16 Septemba yamo humo kwa mkono wake mwenyewe.